Wakorofi Kumi na Mmoja

"Nimekwambia mara tatu, mwanangu si mkorofi," Damari alisema. "Usinirudishie neno lile lile kama kasuku."

Mwalimu Edmund alijibu bila kuinua kichwa. Alisema neno hilo hakulitunga yeye. Limetoka boma, Mbeya, limepigwa taipu, na kama mama ana ugomvi na boma, barabara ni ile pale. Akaigonga karatasi iliyokuwa mezani kwa ncha ya kalamu.

Damari alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alipofika aliambiwa asiingie na matope yake, kwa kuwa sakafu imetoka kusuguliwa na watoto. Kiti cha wageni kilikuwapo, lakini kilikuwa kimevalishwa koti la mwalimu. Alikuwa ametoka moja kwa moja shambani, kwenye viazi, baada ya jirani kumletea habari kwamba jina la Yudith limesomwa mbele ya shule nzima pamoja na majina mengine kumi, yote ya darasa la pili, na kwamba hao kumi na mmoja leo ndiyo siku yao ya mwisho.

"Nipe hiyo barua niisome."

"Ni barua ya ofisi, mama."

"Na mimi nimesoma. Nilimaliza darasa la nne misheni kabla wewe hujajua njia ya kuja huku."

Hakungoja apewe. Aliingia na matope yake, hatua mbili, akaichukua barua. Ilikuwa fupi. Boma lilitaka kujua, katika kila shule, ni watoto wangapi wenye tabia zisizo za kawaida: wasiotulia, wapiganao, wakimbiao darasani, wakataao kusema. Chini palikuwa na nafasi ya kuandika namba na nafasi ya sahihi. Basi. Damari aliigeuza upande wa pili akakuta mtupu.

"Hapa wanaomba hesabu tu. Wapi wamesema mtoto afukuzwe?"

"Hesabu ni yao," Mwalimu Edmund alisema. "Nidhamu ni yangu."

Hapo ndipo alipoinua kichwa, akaeleza kama mtu anayemweleza mjinga. Watoto zaidi ya thelathini wanangoja nafasi katika shule hii. Wazazi wao wanakuja kila Jumatatu kumbembeleza. Yeye ana madawati ya watoto arobaini na wanne. Sasa boma limemfanya akae chini ahesabu, naye amehesabu, na amegundua kwamba kumi na mmoja wamekalia nafasi za wenzao bure.

"Kumi na mmoja katika arobaini na wanne," Damari alisema. "Robo ya darasa. Mwalimu, robo ya ng'ombe wa mtu wakikonda, mwenye akili hachapi ng'ombe. Anakwenda kuangalia majani."

Mwalimu alicheka puani. Akasema majani ya shule yake hayana kasoro.

Mezani palikuwa na karatasi ya pili, ya mwalimu mwenyewe, yenye majina kumi na moja na kosa la kila mtoto. Damari alianza kuyasoma yale majina kwa sauti, moja moja, na kwa kila jina alikuwa na la kusema, kwa maana wote aliwajua, ni watoto wa hapa hapa Uyole. Abrahamu analala darasani? Abrahamu anaamka jogoo la kwanza kukamua ng'ombe wa baba yake mdogo, kisha ndiyo aje shule, tumbo tupu. Asukile hasikii akiitwa? Sikio la Asukile linatoa usaha tangu masika, njoo unuse. Na huyu wa mkono wa kushoto, kosa lake nini?

"Nimemfunga mkono huo kwa kamba wiki nzima," Mwalimu Edmund alisema, "na bado anautumia. Huo si ukorofi?"

Kisha akasema tumwache mtoto wa watu, tuje kwa Yudith. Akamhesabia kwa vidole. Hesabu anaweza. Kusoma anaweza, tena vizuri kuliko wavulana. Lakini tangu mwezi wa tatu kila mwinjilisti anapoingia kufundisha dini, mtoto anaingia uvunguni mwa dawati, au anaruka dirishani, sweta kichwani kama mwizi. Siku moja alizuiwa mlangoni, akaambiwa amwamkie mwinjilisti kwa jina. Alifunga mdomo. Alichapwa viboko sita, akafunga mdomo. Juzi sita vingine. Yeye amefundisha miaka tisa, kwao Kihesa na Iringa mjini, na hajaona mtoto anayelikimbia Neno la Mungu kwa namna hiyo. Mtoto wa hivyo ana kitu kichwani.

 Alama za viboko hivyo Damari alikuwa ameziona kwenye mashavu ya miguu ya mwanawe, akaambiwa ni miiba, akapaka mafuta akalala. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakawaka.

"Mwinjilisti anaingia saa ngapi leo?"

"Saa tatu. Na lori linapita saa sita, barua yangu inakwenda nalo. Kwa hiyo, mama, useme lako mapema."

"Nitangoja hapo nje," Damari alisema, "kwa kuwa ndani hapana kiti."

*

Alikaa juu ya jiwe karibu na dirisha la darasa la pili. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya pareto. Saa tatu kasoro kidogo mwinjilisti Sedekia aliingia uwanjani na baiskeli yake, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na koti jema, sauti yake ikijaza kanisa bila kupandishwa. Siku zote alipokutana na Damari alimuuliza habari za mumewe, habari za ng'ombe, habari za viazi, mpaka mtu akachoka. Leo alimtupia salamu tu, "Ugonile, mama," bila kugeuza shingo, akaegemeza baiskeli, akaingia.

Hakumaliza hata salamu yake mle ndani. Dirisha lilitoa mtoto.

Yudith aliangukia magoti, akainuka, sweta amelivuta kufunika kichwa na uso, akapita kando ya ukuta ameinama, mbiombio, asimwone hata mama yake. Hakukimbilia barabarani wala kwenye michezo. Alizunguka mpaka mahali ambapo mtu wa darasani hawezi kumwona, akachutama nyuma ya ua wa michongoma, amelipa darasa mgongo, magoti pamoja, kichwa chini.

Damari alisimama, akashindwa kupiga hatua.

Mgongo ule aliujua. Yeye mwenyewe aliinama hivyo hivyo miaka kumi na miwili iliyopita, nguo kichwani, kila baba mzazi wa mumewe Jailos alipopita njiani. Kwa Wanyakyusa binti akishaposwa hamtazami baba mkwe wake. Hapiti alipopita, hali alipo, hataji jina lake, na akisikia kikohozi chake anajificha, hata kama ni kwenye upupu. Mwalimu wa Iringa aliona ukorofi. Mnyakyusa yeyote mwenye akili zake angeona mke wa mtu.

Na mtoto mwenyewe ana miaka tisa.

Kule ndani Sedekia alikuwa ameanzisha wimbo, na watoto wakauitikia. Damari aliisikia ile sauti nzuri, na kila mstari ukampiga kama kofi. Kwa maana Sedekia ni Mnyakyusa. Sedekia hakuhitaji kuelezwa. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akijua kwa nini mtoto anaruka dirishani, naye akasimama na Biblia kwapani akaangalia mtoto anachapwa viboko sita kwa kumheshimu yeye, asifungue kinywa. Kwa sababu angefungua kinywa, misheni ingeuliza mwinjilisti wao anaposaje watoto wa darasa la pili.

Alikwenda akachutama kando ya mwanawe.

"Nani kakufundisha haya?"

Yudith alichezea uzi wa sweta. Hatimaye akasema ni bibi, mama yake baba. Alimwambia akimtazama yule mtu, tumbo lake litafunga asizae kamwe. Akamwambia pia asimwambie mama, kwa kuwa mama amesoma na atacheka mambo ya watu.

"Na mwalimu alipokuchapa? Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

Mtoto aliinua uso, akamtazama mama yake kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Ningemwambiaje," alisema, "bila kumtaja?"

Damari alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliuliza jambo moja tu: je, bibi alisema kumetolewa kitu cha posa? Ndiyo. Yule mtamba mwekundu.

"Kaa hapa hapa," Damari alisema. "Akija mtu kukuondoa, mwambie mama kasema."

*

Mtamba mwekundu alikuwa na miezi minne zizini kwao. Jailos alisema ni wa rafiki yake wa kule Igawilo, amempa amlishie, kama watu wanavyolishiana ng'ombe, na Damari hakuwa na sababu ya kukataa. Ni yeye aliyemkatia majani. Ni yeye aliyemtoa kupe kwa mkono, akamwita Kipenzi kwa jinsi alivyokuwa mpole. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiyahesabu yale matita ya majani aliyobeba kichwani, na kila tita lilimwongezea mwendo.

Jailos alikuwa uani akichagua viazi vya kutia guniani, vikubwa huku, vidogo kule. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni na kiko chake. Damari hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja zizini akaanza kufungua kamba.

Jailos aliuliza anampeleka wapi huyu ng'ombe wa watu.

"Kwa mwenyewe. Si umesema wa watu?"

Kiazi kimoja kilimwanguka, kingine kikabaki mkononi. Alimtazama mama yake, mama yake akatazama moshi wa kiko. Kisha maneno yakamtoka Jailos kwa wingi, ya mtu aliyeyaandaa siku nyingi akingoja tu kukamatwa. Sedekia ni mtu mzito kanisani. Mtoto wake wa kiume anasoma, atakuwa karani. Nani amesema Yudith anaolewa kesho? Ataanza kwenda kwao kusaidia akifika miaka kumi na miwili, kumi na tatu, kama walivyofanya dada zake Jailos wote. Na kama Damari hakuambiwa, ni kwa sababu ya mdomo wake, ambao ungefika misheni kabla ya ng'ombe kufika zizini.

"Mtoto anachapwa, Jailos. Sita, na sita tena."

"Watoto wote wanachapwa."

"Amewekwa kwenye karatasi ya boma kwamba ana ugonjwa wa tabia. Saa sita anafukuzwa shule."

 Kwa muda mfupi Damari alidhani amemgusa, na pengine alimgusa. Jailos alikitazama kiazi alichoshika, akakifuta udongo kwa kidole gumba.

"Basi atakaa nyumbani," alisema. "Hata hivyo mke wa mtu darasa la tatu litamfanyia nini?"

Hilo ndilo lililomaliza. Damari alivuta kamba, ng'ombe akatoka.

Bibi aliondoa kiko mdomoni, akasema kwa upole kwamba mwanamke hashiki ng'ombe wa mahari. Haijapata kuonekana. Ng'ombe hao hutolewa na wanaume na kurudishwa na wanaume. Kule atakakompeleka hakuna atakayempokea, na atarudi naye watu wakimcheka.

"Majani nimekata mimi, mama," Damari alimjibu. "Kila siku, miezi minne. Mbona hukuniambia mwanamke hashiki?"

Jailos alikuwa amekwenda kusimama kwenye lango la ua, mikono ameitandaza kwenye nguzo mbili. Alisema akimtoa huyo ng'ombe, asirudi katika nyumba hii.

"Nitarudi," Damari alisema. "Viazi hivyo nimelima mimi, nitarudi kuvila. Nipishe sasa. La sivyo ninapiga yowe hapa hapa, watu wote wa Uyole wakusanyike, na watakaponiuliza kuna nini, nitawaambia huyu ng'ombe ni wa nani na amekuja kwa ajili gani. Halafu wewe na mtu wako mzito mkajieleze kwa mchungaji."

Alishajaza pumzi kifuani. Jailos alikiona kile kifua kikipanda, akamjua mkewe, akashusha mkono mmoja. Pengo lilitosha kupita ng'ombe.

*

Ilikuwa imekaribia saa tano. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kando ya njia wakamtazama mwanamke anaburura mtamba, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Mzee mmoja alimuuliza mume wake amekufa lini. Damari alimjibu bado, na akaendelea.

Uwanjani mwa shule Sedekia alikuwa anafunga Biblia yake nyuma ya baiskeli. Mwalimu Edmund alisimama naye, bahasha mkononi, wakizungumza kama watu waliomaliza kazi njema. Watoto walikuwa kwenye mapumziko, na wote waligeuka.

"Mwinjilisti," Damari alisema, "ng'ombe wako huyu."

Sedekia alitabasamu kwa mwalimu kwanza, ndipo akatabasamu kwa Damari. Alisema mama amechanganya, yeye hana ng'ombe hapa.

"Hana ng'ombe," Damari alirudia, akawageukia watoto na walimu. "Haya. Basi mwalimu, huyu ni mali isiyo na mwenyewe, tumchinje watoto wapate mchuzi. Abrahamu, kimbia kaombe kisu."

Watoto walicheka. Tabasamu la Sedekia likafifia. Alisogea karibu, akashusha sauti, akasema kwa Kinyakyusa kwamba mambo haya ni ya kusema na Jailos, jioni, polepole, na kwamba yeye hawezi kupokea ng'ombe mkononi mwa mwanamke. Ni matusi kwake na kwa ukoo wa mumewe.

"Sema kwa Kiswahili," Damari alisema, "mwalimu asikie."

"Ng'ombe wa nini huyu?" Mwalimu Edmund aliuliza.

 Sedekia alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko, kuonyesha kwamba kamba haigusi.

Damari aliitazama ile mikono. Kisha akaiachia kamba ikaanguka chini.

Mtamba mwekundu alisimama kidogo, akanusa hewa. Nyuma ya ofisi palikuwa na bustani ya shule, matuta sita ya kabichi, yaliyopaliliwa na watoto tangu masika na kumwagiliwa kwa ndoo kutoka mtoni, na kabichi zake Mwalimu Edmund aliwauzia Wazungu wa mjini. Ng'ombe aliyaona. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyealikwa, akapitisha mwili katika pengo la ua, na kabichi ya kwanza ikalia kraa mdomoni mwake.

Mwalimu Edmund alipiga kelele. Alikimbia, bahasha ikamtoka, akapunga mikono, na ng'ombe akamkwepa akaingia tuta la pili, akizikanyaga njiani alizokuwa bado hajazila. Walimu wawili wakaja, hawakujua wamshike wapi. Watoto walijaa kwenye ua wakishangilia. "Mwinjilisti!" Mwalimu Edmund aliita. "Wewe ni mfugaji, usisimame hapo! Mshike!"

Na Sedekia, ambaye amekua zizini, ambaye mikono yake ilijua ng'ombe kabla ya kujua Biblia, aliruka ua na koti lake jema, akainama, akaikamata kamba. Ng'ombe akasimama papo hapo.

Ndipo akatambua. Alisimama katikati ya kabichi, kamba imezungushwa mara mbili kwenye kiganja, na watu wote wanamtazama.

"Ameshika," Damari alisema, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani. "Nyote mmeona. Ng'ombe wa posa amerudi, na mwenyewe amempokea kwa mkono wake, mbele ya watoto wa shule nzima. Mwalimu, uliniuliza ni ng'ombe wa nini. Huyu bwana amemposea mwanawe mtoto wangu wa miaka tisa. Kwetu binti hamtazami baba mkwe, wala hamtaji. Anajificha. Mtoto wangu alikuwa akijificha, wewe ukimchapa, na yeye akiangalia. Wewe hukujua. Hukuuliza pia. Yeye alijua."

Mwalimu Edmund alimtazama mwinjilisti. Alingoja akanushe. Sedekia alilitazama tope kwenye viatu vyake.

Damari alikwenda nyuma ya ule ua wa michongoma. Yudith alikuwa pale pale, kichwa ndani ya sweta. Hakuchungulia hata kwa kelele zote zile. Alimwambia kwamba yule mtu si mkwe wake tena, ng'ombe wake amempokea, na tumbo lake ni zima na litakuwa zima. Alimshika mkono akamwinua. Mtoto alipiga hatua, akasita, akapiga nyingine. Walipofika mlangoni mwa darasa Damari aliliteremsha lile sweta kwa mkono wake, akalinyoosha mabegani, akamsukuma ndani kidogo.

Bahasha ilikuwa bado chini, imekanyagwa. Damari aliiokota, akampelekea mwalimu, akamwambia aifungue. Mwalimu Edmund aliifungua. Aliingia ofisini, Damari nyuma yake na matope yake yote; mwalimu akachukua rula na kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Yudith. Chini ya barua ya boma, penye namba, akafuta akaandika kumi.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Hapana," Damari alisema. "Huyo mmoja ulikuwa umekosea. Hao kumi umejuaje?" Akaliondoa lile koti kwenye kiti, akalitundika msumarini, akakaa. "Lori linafika saa sita. Tuna nusu saa. Mwite Asukile kwanza, tumtazame sikio."

Kengele iligongwa. Dirishani alipita Sedekia akielekea barabarani, baiskeli mkono mmoja, kamba mkono wa pili, mtamba akimvutia nyuma kwenye kabichi, na darasa lote la pili likamiminika dirishani kumcheka. Yudith peke yake hakwenda dirishani. Alikuwa ameketi mahali pake, mikono juu ya dawati, uso wazi, ameutazama ubao, akingoja waanze.